Unga mweupe kwenye buibui: tunayoambiana kuhusu kakatua

Mama mdogo wangu anakaa Ngamiani, Tanga. Kwa miaka minne alifuga kakatua, yule kasuku mweupe wa Australia na visiwa vya Indonesia mwenye kishungi. Aliachiwa na familia iliyohama mjini. Kila aliyepita barazani alikuwa na lake la kusema kuhusu ndege huyo, na mengi hayakuwa kweli.

"Ule unga ni uchafu tu, fagia." Hili ndilo nusura limharibie mama mdogo mapafu. Ukimshika kakatua, mkono unatoka mweupe kama umeshika chaki. Buibui la mama mdogo likitundikwa nyuma ya mlango asubuhi, jioni mabega yamepauka. Si uchafu: kakatua ana manyoya laini ya ndani yanayosagika yenyewe kuwa unga, naye huutumia kutunza manyoya mengine. Hata aoge vipi, utatoka tu. Kwa baadhi ya watu, kuvuta unga huo na vumbi la kinyesi kikavu siku baada ya siku huufanya mwili uyashambulie mapafu yake wenyewe. Huja kikohozi kikavu, pumzi kukatika, uchovu, kukonda. Yakiachwa muda mrefu, mapafu hubaki na makovu yasiyofutika.

Mama mdogo alikunywa dawa za kikohozi mwaka mzima. Akapimwa kifua kikuu, hana. Hakuna aliyemuuliza kama anafuga ndege, na hilo linaniuma mpaka leo. Kilichotuzindua ni msiba wa Pangani: alikaa huko wiki mbili, kikohozi kikatulia, alirudi nyumbani, siku ya tatu kikaanza upya. Ukiona hivyo, mwambie daktari una ndege hata asipouliza. Barakoa na kudeki kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia hupunguza vumbi, lakini kwa aliyekwisha kuathirika, dawa kubwa ni kutengana na ndege.

"Ndege mwenye afya hana cha kumwambukiza mtu." Anaweza kuwa nacho. Bakteria wa homa ya kasuku hukaa hata ndani ya ndege asiye na dalili. Mwaka 1929 na 1930 homa hiyo iliua watu Ulaya na Marekani, ikiwa imeletwa na kasuku waliosafirishwa kutoka Amerika Kusini. Mara nyingi huanza siku 5 hadi 14 baada ya kuambukizwa: homa, kichwa kuuma, viungo kuuma, kikohozi kikavu. Kwetu huku ni rahisi kudhani ni malaria. Ikigundulika mapema hutibika vizuri kwa doksisaiklini.

Kuhusu kelele walituambia, "Mfunike kanga, atazoea." Kakatua ni ndege wa kundi, na alfajiri na magharibi huita wenzake. Akiwa peke yake tunduni, anakuita wewe. Ukimpigia kelele anyamaze, kwake umeitikia, na kesho ataita zaidi. Akikosa wenzake na kazi ya mdomo, huanza kujinyonyoa; wa mama mdogo alibaki kifua wazi, ngozi ya waridi kama kuku aliyechinjwa.

Hata kumpapasa kuna mipaka. Tulidhani mgongoni na chini ya mabawa ndiko anakopenda zaidi. Kwa ndege, huko ni kwa mwenzi wake wa kuzaa naye. Alimchukulia mama mdogo hivyo, akawa anamfukuza yeyote aliyemkaribia. Baba mdogo alichanwa sikio. Mdomo ule hupasua kokwa ngumu, sembuse kidole cha mtoto. Mpapase kichwani tu.

Chakula nako: parachichi tamu za Lushoto ni sumu kwake, na kahawa na chokoleti vilevile. Alizeti tupu kila siku humjaza mafuta kwenye ini.

"Akifa utapata mwingine." Kakatua aliyeitwa Cookie, wa bustani ya wanyama ya Brookfield karibu na Chicago, alikufa mwaka 2016 akiwa na miaka 83. Wengi hufika miaka 40 na zaidi, ndiyo maana huachwa kwa jamaa na majirani kama yule wetu alivyoachwa.

Sasa yuko Muheza, kwa mzee mwenye banda la wazi chini ya mwembe. Mama mdogo humtembelea kila baada ya miezi michache. Husimama upande unakotoka upepo, wakaitana.