Undani wa mhadhara: mzungumzaji achimbe hadi wapi?

Undani, katika mhadhara wa programu, ni kiasi cha mambo ya ndani ya mashine anayoyaleta mzungumzaji mbele za watu: mistari ya msimbo, biti (zile tarakimu za 0 na 1 ambazo kompyuta huhifadhia kila kitu), vipimo vya kasi. Watu huuchanganya na ugumu. Mhadhara waweza kujaa undani na ukaeleweka. Mwingine ukawa mwepesi kama povu, na bado watu wakatoka mikono mitupu.

Tuseme kijana wa hapa Mombasa anaandika programu ya duka la Marikiti. Anajumlisha 0.1 na 0.2 kwa lugha ya programu ya Python, kompyuta inamjibu 0.30000000000000004. Wewe una dakika 25 za kumweleza kisa. Kanuni ya kuhifadhi nambari za desimali ndani ya kompyuta ipo, IEEE 754 ya mwaka 1985: kati ya biti 64 za nambari moja, biti 1 ni ya alama ya chanya au hasi, 11 za kipeo, 52 za tarakimu zenyewe. Kweli tupu, lakini kwa mtu wa duka hayo ni mapambo. Linalomfaa ni hili: sehemu moja ya kumi haiandikiki ikaisha kwa tarakimu za 0 na 1, kama theluthi isivyoisha kwa desimali, 0.333 na kuendelea. Kompyuta hulazimika kukata mkia, na pale ilipokata ndipo kosa linapochungulia. Hapo ukimwambia aweke fedha kwa senti, shilingi 12.10 iwe 1210, anajua kwa nini.

Wapo wanaoruka sababu wakatoa amri tu: "Tumieni senti." Huko nako ni kupunja. Kesho kijana huyo atajumlisha lita za mafuta ya nazi, kosa lile lile limjie kwa kanzu nyingine, na asilitambue.

Badilisha wasikilizaji, na kipimo kinabadilika. Wanaoshughulika na nambari ndefu za utambulisho katika JavaScript, lugha ya programu za tovuti, wanazihitaji zile biti 52, kwa kuwa ndizo zinazoeleza kwa nini nambari kamili zikishapita 9,007,199,254,740,992 huanza kurukwa.

Mwaka 1988 John Sweller, mwanasaikolojia wa elimu, alieleza kwamba akili ikishughulishwa mno na kutafuta jibu, nafasi ya kujifunza hupungua. Niliyaona hayo ukumbini Nyali. Mzungumzaji alipandisha faili zima kwenye projekta, herufi ndogo kama chembe za mchanga, akasema, "Hizi za juu msizijali." Sasa kama si za kujaliwa, zimewekwa za nini? Binti aliyekaa kando yangu alikuwa akinakili kila mstari. Alipofika wa sita, slaidi ikabadilishwa. Akafunga daftari.

Mistari minane ingemtosha. Iliyobaki, pamoja na biti zako 11 na 52, ikae kwenye slaidi ya akiba, nyuma ya ile ya "asanteni". Akitokea wa kuuliza, unaifungua.