Kadi ya Nol ni nini, na mgeni anayefika Dubai anunue ipi?

Kadi ya Nol ni kadi ya kuhifadhia fedha ambayo abiria wa Dubai huitumia kulipia nauli ya metro, tramu, basi na baadhi ya vyombo vya majini. Ilianza kutumika mwaka 2009, mwaka uleule metro ya jiji hilo ilipozinduliwa, na inasimamiwa na Mamlaka ya Barabara na Usafiri ya Dubai. Utaratibu wake haumpi tabu mtu aliyezoea kununua umeme wa LUKU: fedha hutangulia, matumizi hufuata, na salio likiisha huduma husimama hadi uongeze.

Kadi zipo za aina nne, zikitofautishwa kwa rangi. Ya buluu husajiliwa kwa jina la mwenyewe, hivyo huwafaa zaidi wakazi. Ya dhahabu humruhusu abiria kukaa katika behewa la daraja la juu kwa nauli maradufu, anasa ambayo kwa safari ya dakika ishirini sioni haja yake. Mgeni basi hubaki na uamuzi mmoja wa kweli, kati ya tiketi nyekundu ya karatasi na kadi ya rangi ya fedha.

Wengi huichukua nyekundu kwa sababu huuzwa dirhamu 2 tu, ilhali ya fedha huuzwa dirhamu 25. Tofauti hiyo inadanganya macho, kwa kuwa katika zile 25, dirhamu 19 ni salio la nauli na gharama halisi ya kadi ni dirhamu 6. Jiji limegawanywa katika kanda 7, na mwenye kadi ya fedha hulipa dirhamu 3 akisafiri ndani ya kanda moja, 5 akiingia kanda jirani, na 7.50 akivuka zaidi ya kanda mbili. Mwenye tiketi nyekundu hulipa 4, 6 na 8.50. Kwa kuwa kila safari ya tiketi nyekundu huzidi kwa dirhamu moja, gharama zote mbili hulingana kwenye safari ya nne, na kuanzia ya tano kadi ya fedha ndiyo nafuu. Aidha, tiketi nyekundu hutumika kwa aina moja tu ya usafiri, na haibebi zaidi ya safari kumi, wakati kadi ya fedha hudumu miaka mitano. Mfanyabiashara wa Kariakoo au Eastleigh anayekwenda Deira kufuata bidhaa mara kwa mara hana sababu ya kununua nyingine.

Kadi hugusishwa kwenye mashine wakati wa kuingia na tena wakati wa kutoka, hata ndani ya basi, kwa sababu nauli hukokotolewa kwa kulinganisha mahali ulipoanzia na ulipoishia. Anayebadilisha metro kwa basi ndani ya dakika 30 huhesabiwa kuwa yumo katika safari ileile. Wanaosafiri pamoja hawawezi kuchangia kadi moja, na kukutwa bila kadi halali ni faini ya dirhamu 200.

Kadi hupatikana katika vituo vyote vya metro, vikiwemo vya uwanja wa ndege kwenye Jengo la 1 na la 3. Anayeshukia Jengo la 2 hakuti metro hapo. Kuanzia Agosti 2024, kiwango cha chini cha kuongeza salio kwenye madirisha ya tiketi vituoni ni dirhamu 50, kwa hiyo anayetaka kuweka kidogo atumie mashine. Salio la mwisho wa ziara linaweza kulipia vitu katika baadhi ya maduka yanayopokea Nol. Zile mashua za abra zinazovusha watu kati ya Deira na Bur Dubai, hata hivyo, hulipiwa dirhamu moja taslimu mkononi mwa nahodha.