Kadi ya Kura Haikuandikishi Mtaani: Orodha Mbili za Wapiga Kura na Kinachotakiwa Kabla ya Oktoba 20

Jumamosi iliyopita, siku ya pili ya uandikishaji wa wapiga kura wa serikali za mitaa, nilikaa asubuhi nzima kwenye kituo kimoja cha Ngamiani, hapa Tanga, kando ya meza ya mwandikishaji. Alikuja mama mmoja akitokea sokoni, kikapu mkononi. Akafungua pindo la kanga, akatoa kadi ya mpiga kura iliyofungwa kwenye nailoni, akaiweka juu ya daftari.

"Mie sikuja kuandikwa, mwanangu. Nimekuja kuuliza. Kadi ninayo tangu 2015, mbona naambiwa nije tena?"

Mwandikishaji, kijana mwenye subira kuliko mimi, akamweleza kwamba kadi ile haihusiki na uandikishaji huu. Mama akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali lililonifanya niandike makala haya: "Na yule aliyesema redioni kwamba ukijiandikisha mara mbili unafungwa?"

Watu wengi wa Tanga wamekaa nyumbani siku hizi kwa sababu ya swali hilo. Si wavivu wala hawapuuzi. Wamesikia matangazo mawili ya kweli, moja kwamba hata mwenye kadi ajiandikishe mtaani, jingine kwamba kujiandikisha mara mbili ni kosa, wakayaunganisha, wakapata jibu lisilo la kweli. Leo ni tarehe 15 Oktoba 2024 na uandikishaji unafungwa Jumapili, tarehe 20, hivyo naomba nilieleze jambo hili taratibu, hata kama nitarudia yaliyokwisha kusemwa.

Mbele yetu kuna chaguzi mbili, na kila moja ina orodha yake ya wapiga kura. Wa kwanza ni uchaguzi wa serikali za mitaa, utakaofanyika Jumatano, tarehe 27 Novemba 2024. Tarehe hiyo ilitangazwa Agosti 15 na Waziri wa TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), Mheshimiwa Mohamed Mchengerwa. Uchaguzi huu unasimamiwa na Ofisi ya Rais – TAMISEMI, kwa kanuni zilizotungwa chini ya Sheria za Serikali za Mitaa, Sura ya 287 na Sura ya 288, na kutangazwa mwaka huu katika Matangazo ya Serikali Na. 571 hadi 574. Orodha yake ni ile inayoandikwa kwa mkono katika mtaa wako, kuanzia tarehe 11 hadi 20 ya mwezi huu.

Wa pili ni Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 2025, wa Rais, wabunge na madiwani. Huo unasimamiwa na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, na orodha yake ni Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Kadi ya mama yule ilitoka huko. Uboreshaji wa Daftari ulizinduliwa Kigoma tarehe 20 Julai mwaka huu na unakwenda mkoa kwa mkoa. Zamu ya Tanga bado, na Tume itaitangaza yenyewe.

Kwa hiyo mwenye kadi ya 2015 au 2020 bado ana jina katika Daftari la Kudumu. Katika orodha ya mtaa wake hana jina mpaka aende mwenyewe kuliandikisha. Na anayejiandikisha mtaani wiki hii, kisha akajiandikisha au kurekebisha taarifa zake kwenye Daftari la Kudumu zamu yetu itakapofika, hajavunja sheria yoyote. Ameandikwa mara moja katika kila orodha, kama inavyotakiwa.

Sasa kuhusu hiyo jela. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani, Na. 1 ya mwaka 2024, kinasema anayejiandikisha zaidi ya mara moja katika Daftari la Kudumu anatenda kosa la jinai. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miezi sita na kisichozidi miaka miwili, au faini, au vyote viwili kwa pamoja. Kinachokatazwa ni mtu kujiandikisha Makorora, kisha akapanda daladala akajiandikishe tena Pongwe kwenye Daftari lilelile. Mashine za Tume huchukua alama za vidole na picha, na jina lililojirudia huonekana. Aliyepoteza kadi, au ambaye kadi yake imefutika, aseme hivyo kwenye kituo cha Tume apewe nyingine. Asijidai mpya. Aliyehama jimbo au kata aombe kuhamishiwa taarifa. Mwenye kadi anaweza hata kuanza hatua hizo kwa mtandao kwenye mfumo wa Tume, lakini ni lazima afike kituoni kuzikamilisha. Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu faili za makosa haya huanzia kwenye uzembe mdogo, na mtu hushtuka sheria imeshamfikia.

Kwenye orodha ya mtaa nako mtu anaandikwa mara moja tu, katika mtaa anaoishi. Kuandikwa mitaa miwili ni kosa, na kutoa taarifa za uongo ni kosa. Hilo halina mjadala.

Wanaofika kituoni hushangaa jinsi kazi ilivyo fupi. Mwandikishaji anauliza jina kamili, umri na jinsia, anaandika kwenye daftari, unatia saini au dole gumba, umemaliza. Hakuna picha, hakuna kadi unayopewa. Kijana mmoja siku ile alikataa kuondoka, akisema ameandikwa bure kwa kuwa hakupewa kitu cha kuonyesha. Tulimweleza kwamba jina lake kwenye daftari ndilo kila kitu, na kuanzia tarehe 21 hadi 27 Oktoba orodha itabandikwa hadharani akalisome kwa macho yake. Naomba sana watu wafanye hivyo. Jina lililokosewa herufi, au jina la mtu aliyehama au kufariki, huonekana na jirani mapema kuliko ofisa yeyote. Kipindi hicho cha ukaguzi kimewekwa ili kasoro zirekebishwe, na pingamizi linapokelewa wakati huo. Malalamiko ya asubuhi ya tarehe 27 Novemba, mtu ameshika kadi mlangoni na jina halimo, hatuna namna ya kuyatibu. Mwaka 2019 nilisimama mlangoni vilevile. Nilimwona mzee aliyevaa kanzu yake safi, ameletwa na mjukuu kwa baiskeli, akirudishwa nyumbani kwa sababu hiyo hiyo. Hakugomba. Alikunja kadi yake akairudisha mfukoni. Sijapenda kuliona tena.

Anayestahili kuandikishwa ni raia wa Tanzania mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, mwenye akili timamu, na mkazi wa mtaa husika. Ukazi ndipo penye vuta nikuvute. Wapo waliozaliwa Chumbageni na sasa wanaishi Kange, lakini wanataka waandikwe Chumbageni "kwa kuwa ndiko nyumbani." Uchaguzi huu haufuati kwenu kwa wazazi, unafuata unapolala. Mwenyekiti utakayemchagua ndiye atakayekuandikia barua ya utambulisho unapofuatilia kitambulisho cha Taifa, unapomdhamini ndugu yako polisi, unapouza kiwanja au kuomba mkopo. Hana maana kwako akiwa wa mtaa usioishi. Mwanafunzi anayeishi hapa aandikwe hapa. Mpangaji ni mkazi sawa na mwenye nyumba, na mwenye nyumba hana ruhusa ya kumzuia.

Hapa nieleze jambo ambalo nilidhani halihitaji kuelezwa, mpaka nilipoulizwa na watu wanne siku moja. Mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa mtaa ni watu wawili. Mtendaji ni mtumishi wa umma, anaajiriwa na kuhamishwa. Mwenyekiti na wajumbe wa kamati ya mtaa ndio wanaopigiwa kura Novemba. Diwani hayumo, yeye ni wa mwakani. Balozi wa nyumba kumi naye hayumo kabisa, kwa kuwa ni nafasi ya chama cha siasa wala si ya serikali. Na kwa sababu hiyo hiyo, mtu yeyote akipita nyumbani kwako kuandika majina ya nyumba kumi, hajakuandikisha kwenye orodha ya wapiga kura. Mwandikishaji yupo kituoni, ana daftari la serikali, na vituo viko wazi kuanzia saa 2:00 asubuhi hadi saa 12:00 jioni kila siku, Jumapili ikiwemo. Walio na ndugu Muheza, Mkinga au Pangani wawakumbushe kwamba vijijini mambo ni zaidi kidogo: wanaandikwa kwenye kitongoji, na wanachagua mwenyekiti wa kitongoji, mwenyekiti wa kijiji na wajumbe wa halmashauri ya kijiji.

Siku ya kupiga kura utatakiwa kutambulika. Kadi ya mpiga kura sasa ndiyo inaingia kazini, kama kitambulisho, sawa na kitambulisho cha Taifa, leseni ya udereva, pasipoti au kadi ya bima ya afya. Mama wa Ngamiani alipolisikia hili alicheka kwa furaha, akaifunga kadi yake upya kwenye nailoni. Usiichane wala kuitupa kwa hasira. Na usimwachie mtu mwingine "aihifadhi" kwa ahadi yoyote. Anayekusanya kadi za watu anatafuta kitu, na anayetoa fedha, sukari au vitenge ili apate kura anatoa rushwa, na anayepokea naye yumo. Simu ya TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, ni 113, haikatwi salio.

Nimesikia pia hoja nzito zaidi, hasa kwenye mabaraza ya kahawa ya Barabara ya 12 na jirani zake: kwamba kuna faida gani, ikiwa mwaka 2019 vyama kadhaa vya upinzani vilijitoa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa kwenye fomu. Sitajifanya sikuisikia. Malalamiko yale yalikuwapo na yaliwaumiza watu. Kama ofisa wa umma sipaswi kumwambia mtu amchague nani, na wala sitaki. Ninachoweza kusema ni kile kilichopo mkononi mwa mwananchi. Fomu za kugombea zinachukuliwa na kurudishwa kuanzia tarehe 1 hadi 7 Novemba, uteuzi ni tarehe 8, na kanuni zinaweka nafasi ya pingamizi na rufani. Mgombea awe na miaka 21 au zaidi na adhaminiwe na chama cha siasa chenye usajili kamili, kwani mgombea binafsi hatambuliwi. Vyama viwasaidie watu wao kujaza fomu kwa umakini, jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho, saini ziwepo, muda usipite. Na sisi tulioko ofisini tunawajibika kuzipokea bila upendeleo na kuandika sababu ya kila tunalolikataa. Mwananchi ana haki ya kutudai hilo, na nawaomba mtudai. Lakini asiyejiandikisha hatapata hata nafasi ya kuuliza akiwa ndani ya chumba cha kura.

Kampeni zitakuwa siku saba, tarehe 20 hadi 26 Novemba. Kuhusu hizo tutaandika wakati wake.

Nimalize na watu wa baharini, ambao kila uchaguzi tunawakosa. Wiki hii mbalamwezi inakaribia kukamilika, keshokutwa tarehe 17 mwezi ni mpevu, na wavuvi wa dagaa wanaotumia taa wengi wako nchi kavu. Deep Sea, Sahare na Chongoleani nimeona mashua zimevutwa juu, watu wanashona nyavu. Hakuna wakati mzuri kuliko huu: kituo ni mwendo wa dakika chache kutoka mchangani, na kuandikwa hakuchukui muda wa kikombe kimoja cha kahawa. Manahodha wawaruhusu mabaharia wao, hata kwa zamu.

Siku ya kura itakuwa kinyume chake. Tarehe 27 Novemba mwezi utakuwa unaelekea kufa, usiku ni giza, ndiyo misimu ambayo taa hushuka majini na watu hurudi jua limepanda. Vituo vitafunguliwa saa 2:00 asubuhi na kufungwa saa 10:00 jioni. Atakayekuwa amesimama kwenye mstari saa hiyo atapiga kura hata ikifika magharibi. Atakayekuwa bado anashusha samaki hatapiga. Kwa hiyo nahodha anayepanga kwenda dago, yaani kambi ya uvuvi ya mbali, wiki hiyo apange na siku ya kurudi, na wake zao waliobaki nyumbani wawatangulie mstarini asubuhi. Wenye mimba, wanaonyonyesha, wazee na wenye ulemavu wanapewa nafasi ya mbele bila kuomba. Wakiachwa wasimame nyuma, wamwite msimamizi wa kituo hapo hapo.