Je, wajua? Kwa nini chombo cha mbao huhofia gesi kuliko makaa ya moto

Mtu anayetaka kupika ndani ya mashua yake, awe anakwenda dago, yaani kambi ya uvuvi ya mbali na nyumbani, na wenzake au anapeleka wageni kisiwa cha Misali, hufika mahali pa kuchagua jiko. Mkono huu ana mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye jiko lake juu: hauna moshi, hauna majivu, unawaka kwa kijiti kimoja cha kibiriti. Mkono huu ana seredani ya mkaa. Wengi hawasiti. Makaa mekundu juu ya mbao zilizopakwa sifa, yale mafuta ya samaki, ni kujitafutia balaa, kwa hiyo gesi ndiyo salama. Nyumbani Chake Chake fikra hiyo ina mashiko. Ndani ya chombo mambo hugeuka, na inafaa kueleza kwa nini, maana sababu yenyewe haionekani kwa macho.

Makaa hayana mengi. Majahazi yaliyokuja Unguja na kaskazi kutoka Arabuni na Bara Hindi yalipika kwa moto wa kuni katika sanduku lililotandikwa mchanga au udongo, na mabaharia wake hawakuwa watu wa kuchezea vyombo vyao. Mchanga mkavu hupitisha joto polepole sana, kwa kuwa chembe zake hugusana kwenye ncha tu na nafasi kati yao imejaa hewa. Ubao hauwaki mpaka ufikie joto la nyuzi 250 hivi au zaidi, na mchanga wa kina cha shibiri moja hauliachii joto la namna hiyo lifike chini. Faida nyingine ni ya miguu ya seredani: ukiizamisha mchangani, jiko halitelezi chombo kinapolala upande. Hatari ya makaa ipo, ila ni hatari unayoiona. Cheche inaruka, unaiona. Kaa linadondoka, unalikanyagia mchanga.

Gesi haina tabia hiyo. Dhana iliyoenea ni kwamba gesi ikivuja hupaa na kuchukuliwa na upepo, na baharini upepo haukosekani, basi hofu ya nini? Dhana hii inatokana na vitu tunavyoviona kila siku. Moshi hupanda, mvuke wa sufuria hupanda, na vibofu vya sikukuu vilivyojazwa gesi huponyoka mikononi mwa watoto vikaenda juu. Lakini moshi hupanda kwa sababu una joto, na vibofu vile vina heliamu, ambayo ni nyepesi mno. Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani. Propani ni nzito kama mara moja na nusu ya hewa, na butani ni nzito kama mara mbili. Ikivuja bila kuwashwa haina joto la kuinyanyua. Inashuka.

Ili kuona inavyoshuka, chukua glasi ya maji na shira nzito ya sukari, ile ya kaimati. Mimina shira polepole ukingoni. Haitajichanganya na maji yote mara moja. Itateremka kwa ukingo, itatua chini na kukaa hapo kama tabaka, huku maji ya juu yakibaki hayana utamu. Kadiri unavyomimina taratibu na glasi inavyotulia, ndivyo tabaka linavyokuwa zito. Mpaka kati ya shira na maji si mkali: kuna sehemu ya katikati ambapo viwili hivi vimeingiliana. Ukichukua kijiko ukakoroga, shira huenea glasi nzima, na ikishaenea hairudi chini tena hata uisubiri usiku kucha.

Gesi iliyovuja ndani ya hewa hufuata mwendo huohuo hatua kwa hatua. Mpira uliopasuka ufa mdogo karibu na regulata unamimina gesi polepole. Gesi inateremka kando ya mataruma, zile mbavu za chombo, inapita chini ya mbao za kukanyagia na kutua ngamani, sehemu ya chini kabisa ya chombo, juu kidogo ya maji machafu yanayokusanyika hapo. Wahenga wa pwani walisema enda tezi na omo, yaani nyuma na mbele ya chombo, marejeo ni ngamani, na gesi inayovuja popote chomboni huishia hukohuko.

Nyumbani gesi nayo hukaa sakafuni, na imeshaunguza nyumba za watu, tusijidanganye. Ila sakafu ya nyumba ina upenyo chini ya mlango, na ukifungua mlango huo gesi hupata pa kutokea. Chombo hakina mlango chini. Fundi wa Nungwi amekaa siku nyingi akikipiga kalafati, akisukuma pamba yenye mafuta katika kila mwanya kati ya ubao na ubao ili tone la maji lisiingie. Kazi hiyohiyo nzuri ndiyo inayoizuia gesi isitoke. Chombo kisichovuja maji ni chombo kinachohifadhi gesi.

Kiasi kinachotakiwa ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Gesi hii huweza kuwaka inapokuwa kati ya asilimia 2 na 10 hivi ya hewa iliyochanganyika nayo. Chini ya hapo haishiki, na juu ya hapo hewa haitoshi kuiunguza. Kwa ngama yenye nafasi ya mita moja ya ujazo, asilimia 2 ni lita 20 za gesi, sawa na gramu 40 hivi za ile iliyo mtungini. Mtungi wa kilo 6 una gramu 6,000. Kisha inangoja cheche tu, na cheche haihitaji kuwa ya kibiriti: pampu ya umeme ya kutoa maji imelala hukohuko ngamani, na waya za betri zimepita hapo.

Gesi imetiwa harufu makusudi ili inuke mapema, kabla haijafikia kiwango cha kuwaka. Hilo husaidia sana, mradi pua iwe mahali ilipo gesi. Baharia amesimama au amekaa kitako, gesi iko chini ya mbao, na ngama yenyewe inanuka sifa, samaki wa juzi na mafuta ya mashine. Nisingeitegemea pua peke yake.

Hapa inabidi kutofautisha vyombo. Ngalawa au mashua ya wazi iliyo safarini, kusi likivuma, inakorogwa na upepo muda wote, na hatari hupungua sana. Mashua hiyohiyo ikitia nanga ndani ya ghuba usiku wa maleleji, hakuna upepo, imefunikwa turubai, inakuwa glasi iliyotulia. Na chombo chenye sitaha na chumba chini yake ni cha kuhofia zaidi kuliko vyote. Ndiyo maana kwenye boti za matanga zilizoundwa kwa kufuata kanuni, mtungi haukai chumbani: huwekwa katika kabati lililozibwa upande wa ndani, lenye tundu chini kabisa linalotokea nje ya ubavu juu ya maji, ili gesi iangukie baharini.

Makaa nayo yana mwiko wake, na huu hauna mjadala. Yasiwashwe wala yasiachwe yakififia ndani ya chumba kilichofungwa. Hutoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu waliolala. Seredani ni ya nje, karibu na mlingoti ambapo chombo kinayumba kidogo kuliko tezi na omo, upande wa demani, yaani ule upepo unakoelekea, ili cheche ziende majini zisirudi kwenye tanga. Petroli ya mashine iwe mbali na jiko la aina yoyote, kwani mvuke wake nao ni mzito kuliko hewa. Jiko la mafuta ya taa ni chaguo la kati lisilopewa heshima yake: mafuta hayo hayatoi mvuke wa kutosha kuwaka mpaka yafikie joto la nyuzi 38 hivi au zaidi, kwa hiyo yakimwagika kivulini unayafuta. Dumu lake lisikae juani.

Na anayetaka oveni, ya kuokea mkate wa kumimina au boflo safarini, hana haja ya kununua sanduku la bati. Sufuria nzito yenye kuta ndefu, mchanga mkavu kidogo chini yake, bati la mkate juu ya mchanga, mfuniko, kisha palia makaa juu. Moto wa chini uwe mdogo, wa juu uwe mwingi, la sivyo mkate utaungua chini na juu ubaki mweupe. Mfuniko uwe na ukingo uliosimama, kwa sababu mfuniko wa kawaida utamwaga makaa pale chombo kitakapogeuza tanga.

Ukiamua gesi hata hivyo, na wapo wenye sababu nzuri za kuamua hivyo, mtungi ukae nje na juu, mahali ambapo gesi ikiponyoka inaanguka baharini. Paka povu la sabuni kwenye maungio yote kila unapobadilisha mtungi, utazame kama yanatoka mapovu. Ukimaliza kupika, funga mtungini kwanza huku moto ukiwaka, usubiri mpaka uzimike wenyewe kwa kuishiwa na gesi iliyobaki kwenye mpira, ndipo ufunge kitufe cha jiko.