Ringi ya mpira inaposimamisha mashine ya chipu

Watu wakiongelea mashine za kutengeneza chipu wanataja ASML, Applied Materials, Lam na Tokyo Electron basi, na sawa, wanastahili, ila mimi nimekaa miaka mingi upande wa vipuri vya vakyumu, yaani vya kunyonya hewa ndani ya mashine, na nawaambia hao wakubwa kazi yao kubwa ni kuunganisha vitu vya watu. Chukua ile mashine ya EUV ya ASML, inayochora saketi za chipu kwa mwanga: vioo vinatoka Zeiss, leza inatoka TRUMPF, wote wa Ujerumani, na vipande vyote vinapita 100,000. Leza hiyo inapiga matone ya bati yapata 50,000 kila sekunde, tena kila tone mara mbili, ndo unapata mwanga wa nanomita 13.5, ambao hata hewa ya kawaida inaumeza, kwa hiyo njia yake yote inabidi inyonywe hewa. Hapo ndo pampu na valvu zinaingia.

Mwaka 2016 ASML walikubali kulipa yuro bilioni 1 kupata 24.9% ya Zeiss SMT, kampuni ya Zeiss inayotengeneza vioo hivyo. Mtu hanunui hisa za muuza vioo kwa mapenzi, huo ni woga.

Naulizwa sana, kwani sapulaya akichelewa si unaenda kwa mwingine? Jamani. Kiwanda kikishapata resipe, yaani mpangilio wa hatua na vifaa, inayotoa chipu nzima hakuna anayethubutu kugusa kitu, hata ringi ya mpira ya kwenye valvu, ukibadili mchanganyiko wa mpira tu inaweza kumwaga chembe kwenye wefa, kile kisahani cha silikoni kinachotengenezewa chipu, basi mnarudi kwenye majaribio miezi na miezi. Inamlinda sapulaya mdogo, ila inamfunga pia, maana hata dawa ya kuoshea vipuri habadilishi bila mteja kuridhia.

Februari 2023 MKS Instruments, sapulaya wa vipuri vya mashine hizi, walivamiwa na wadukuzi wa kudai fidia, oda zikakwama, na kama wiki mbili baadaye Applied Materials wakasema shambulio kwa sapulaya wao mmoja lingewapunguzia mauzo ya robo hiyo kwa dola milioni 250 hivi. Jina hawakutaja, ila tarehe zilijitaja zenyewe.

Halafu soko likipoa kidogo mwenye mashine anakula stoo yake kwanza, sisi wa chini tunaona oda zimekata kabisa. Kuna kipindi mteja alitusukuma tuongeze zamu ya usiku, tukaajiri, tukafundisha, na vijana hawajazoea hata kuvaa zile suti za klinirumu, chumba kisichotakiwa vumbi, simu ikaacha kulia.