Diplomasia ya FRELIMO wakati wa Operesheni Nó Górdio

Tarehe 1 Julai 1970, Jenerali Kaúlza de Arriaga, kamanda mkuu wa majeshi ya Ureno nchini Msumbiji, alianzisha Operesheni Nó Górdio katika uwanda wa juu wa Wamakonde, jimboni Cabo Delgado. Siku hiyo hiyo, Papa Paulo VI aliwapokea Vatican viongozi watatu waliokuwa wakipigana na Ureno: Marcelino dos Santos wa FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, Amílcar Cabral wa PAIGC ya Guinea-Bissau na Cape Verde, na Agostinho Neto wa MPLA ya Angola. Anayetaka kuelewa jinsi vita vya ukombozi vya Msumbiji vilivyopiganwa hana budi kuyasoma matukio hayo mawili kwa pamoja.

Viongozi hao walikuwa Roma kwa ajili ya mkutano wa kimataifa wa mshikamano na watu wa makoloni ya Ureno, uliofanyika kuanzia tarehe 27 hadi 29 Juni. Walipokewa na Papa kwa muda mfupi tu, na baadaye Vatican ilieleza kuwa waliingia kama waumini, si kama wanasiasa. Hata hivyo, Ureno ilikuwa nchi ya Kikatoliki yenye mkataba rasmi na Vatican tangu mwaka 1940, na serikali yake ilikuwa imejinadi kwa miaka mingi kwamba inalinda ustaarabu wa Kikristo barani Afrika dhidi ya magaidi. Sasa hao walioitwa magaidi walikuwa wamepeana mikono na Papa. Lisbon ilikasirika kiasi cha kumwita nyumbani balozi wake, na kwa maoni yangu hasira hiyo ndiyo iliyoitangaza habari hiyo duniani kuliko ambavyo FRELIMO yenyewe ingeweza.

Huko Cabo Delgado, Wareno walitumia ndege za mabomu, mizinga, helikopta na maelfu ya askari. Waliziteka kambi kubwa, ikiwemo ile iliyopewa jina la Gungunhana, lakini wapiganaji wengi walikwisha kuondoka. FRELIMO iliepuka kukabiliana nao uso kwa uso, ikaongeza nguvu katika jimbo la Tete, ambako Ureno ilikuwa ikijenga bwawa la Cahora Bassa kwa mitaji ya nje. Hapo tena bunduki na diplomasia zilikwenda sambamba. Kampuni ya ASEA ya Sweden ilikwisha kujitoa katika mradi huo mwaka 1969, na Italia ikafuata mwaka 1970, baada ya kampeni za wanaharakati wa Ulaya waliokuwa wakipata taarifa kutoka kwa wapigania uhuru wenyewe.

Taarifa nyingi kati ya hizo zilitoka Dar es Salaam. FRELIMO iliundwa katika jiji hilo mwezi Juni 1962, chini ya Eduardo Mondlane, ambaye aliwahi kufanya kazi Umoja wa Mataifa na kwa hiyo alijua milango ya kubisha. Alipouawa kwa bomu la kifurushi tarehe 3 Februari 1969, mtandao aliouanzisha haukufa naye. Kamati ya Ukombozi ya OAU, yaani Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikuwa na makao yake jijini humo humo, wapiganaji walifunzwa Nachingwea, majeruhi walitibiwa Mtwara, na idara ya habari ya chama ilichapa jarida la Kiingereza kwa ajili ya wasomaji wa nje.

Silaha zilitoka hasa Urusi na China, nchi ambazo Samora Machel, kiongozi wa FRELIMO baada ya Mondlane, alizitembelea mwaka 1971. Nchi za Magharibi zilikuwa kazi ngumu zaidi, kwa kuwa Ureno ilikuwa mwanachama mwanzilishi wa NATO, umoja wa kijeshi wa nchi za Magharibi, na Marekani ilihitaji kituo cha ndege katika visiwa vya Azores, vilivyo mali ya Ureno. FRELIMO haikuishia kwenye serikali hizo, bali iliyafuata makanisa, vyama vya wafanyakazi na wanafunzi. Septemba 1970, Baraza la Makanisa Ulimwenguni liliidhinisha misaada kwa vyama vya ukombozi, FRELIMO ikiwemo, na Sweden nayo ikatoa misaada isiyo ya kijeshi.

Katika Umoja wa Mataifa, Ureno ilishikilia kwamba Msumbiji ni jimbo lake la ng'ambo, hivyo vita vile ni suala la ndani. Hoja hiyo ilivunjika tarehe 22 Novemba 1972, Baraza la Usalama lilipopitisha kwa kauli moja azimio namba 322, likiitaka Ureno isitishe operesheni za kijeshi na ijadiliane na pande husika.

Ureno haikutii hadi utawala wa Marcelo Caetano ulipopinduliwa Aprili 1974. Mwezi Juni, Mário Soares, waziri mpya wa mambo ya nje wa Ureno, alikwenda Lusaka akitaka vita visimamishwe kwanza. FRELIMO ilikataa: haki ya uhuru ikubaliwe kwanza, na mamlaka yakabidhiwe kwake bila kura ya maoni. Mkataba wa Lusaka wa tarehe 7 Septemba 1974 uliyakubali yote mawili. Waziri mkuu wa serikali ya mpito alikuwa Joaquim Chissano, aliyekuwa mwakilishi wa FRELIMO nchini Tanzania.