Dawa zimeeksipaya, naeza kuzivusha mpaka?

Swali: Nna famasi ndogo Kongowea, nna katoni mbili za sirapu na antibayotiki zimeeksipaya, kuna dereva wa lori asema atanipelekea Tanga zikachomwe huko kwa bei poa. Kuna ubaya?

Jibu: Usimpe kabisa. Dawa ikishaeksipaya na wataka kuitupa, hiyo ni taka, tena taka hatari, Mkataba wa Basel wa 1989, ule wa kuvusha taka hatari mipakani, umeiandika kwa namba Y3 na Kenya na Tanzania zote zimo. Kabla lori halijafika mpakani Lunga Lunga, serikali ya huku inatakiwa iijulishe ya kule kwa maandishi na kule wajibu kwa maandishi wamekubali (wakinyamaza hiyo si ruhusa), uwe na kontrakti na huyo wa kuchoma, na karatasi za mzigo zisainiwe na kila anayeupokea hadi mwisho. Yote hayo kwa katoni mbili? Andika jina la dawa, bachi, tarehe na idadi, waone Bodi ya Famasia na Sumu, zichomwe hapa hapa na kampuni yenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira.

Swali: Na zikipita tu Kilindini kwenda Uganda?

Jibu: Hata nchi ya kupitia lazima ijulishwe, ina siku 60 za kujibu.

Swali: Lakini si mtu aeza kuandika "msaada" tu kwenye mzigo wa dawa kama hizo?

Jibu: Hapo ndipo penye ujanja jamani. Vita vya Bosnia, kati ya 1992 na 1996, misaada iliacha tani kama 17,000 za dawa zisizofaa, na gharama ya kuziteketeza ikabaki kwa waliopewa. Ndo maana Shirika la Afya Duniani (WHO) wanataka dawa ya msaada ifike ikiwa na angalau mwaka 1 kabla ya kueksipaya. Kwa hivyo mkiahidiwa kontena la msaada, itisheni orodha yenye tarehe kabla meli haijang'oa nanga, maana likishashuka bandarini ni mzigo wenu. Ikithibitika ni taka zimeletwa kimagendo, nchi iliyotuma yatakiwa izirudishe ndani ya siku 30.

Swali: Kwani nikizimwaga jaani tu?

Jibu: Pale jaa la Mwakirunge kuna watu wanaookota, na kidonge kikiwa bado kwenye pakiti yake chang'aa kama kipya, nani atasoma tarehe? Kuchoma uani pia hapana, dawa za saratani kwa mfano zataka moto wa nyuzi 1,200.